Fundi Kisasa na mkanda wa vigae alioubandua

Saa mbili asubuhi, Fundi Kisasa amesimama katikati ya sebule ya watu, mkono mmoja kiunoni, mwingine kichwani, anakodolea macho zulia.

Jana jioni kabla ya kuondoka alilikunja zulia hilo, akalifunga kamba na kulisimamisha kwenye kona ya ua. Leo liko palepale lilipozoea kukaa, limenyooshwa vizuri, na juu yake imerudi meza ya mbao yenye kitambaa cha kufuma. Pale sebule inapokutana na korido, stendi ya maua ya plastiki nayo imerejea kazini, maua yake mekundu yakiwa yamepauka kwa vumbi la plasta.

"Hii nyumba," anasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuta zisimsikie, "ama ina jini mpenda mapambo, ama mimi nazeeka vibaya."

Mwenye nyumba, mama wa miaka sabini na kitu, yuko jikoni anaosha vikombe. Fundi anamuuliza nani amerudisha vitu ndani. Mama anajibu bila kugeuka.

"Vitu gani?"

"Zulia, Mama. Meza. Na yale maua."

"Kumbe vilikuwa vimetoka?"

Fundi anamgeukia mwandishi wa simulizi hii na kufungua viganja vyake viwili. "Umesikia mwenyewe. Kila siku ndiyo hivi. Mimi natoa, nyumba inarudisha."

Kazi ya Fundi Kisasa ni kuzitoa nyumba kwenye mitindo iliyopitwa na wakati. Anabandua vigae vya maua, anashusha dari za mbao zilizotiwa vanishi, anang'oa makabati ya ukutani yaliyojengwa kuwekea vyombo visivyotumika, anasawazisha kuta zilizopakwa plasta ya mikwaruzo. Kisha anapaka rangi nyeupe, anaweka taa ndogondogo, na nyumba inaanza kufanana na picha za kwenye simu. Jina lake hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kibao kilichoning'inizwa nje ya kwake: "Tunaondoa ya zamani, tunaleta ya kisasa."

Ni mwanamume wa makamo, mrefu, ana kitambi kidogo anachosingizia vumbi. Anapenda kuongea, na akiongea anapimapima hewa kwa mkono kama ameshika mwiko. Kwa jinsi anavyoijua kazi yake ungetegemea kukuta mtu mwenye uhakika. Utakuwa umekosea. Huyu bwana kachanganyikiwa, tena halifichi hilo.

"Kuna nyumba niliingia nikiwa kijana," anasimulia. "Nikaambiwa niifunike sakafu ya terazo kwa zulia la kugandisha chumba kizima, maana terazo ni ya hospitali. Nikafunika. Baadaye wakaniita, nikang'oa zulia, nikaweka vigae vya kung'aa. Mwaka jana mjukuu wao kanipigia. Unajua anataka nini? Terazo! Nikamwambia, ipo hapohapo chini, mdogo wangu. Babu yako alinilipa niifiche."

Anacheka, halafu anaacha kucheka ghafla. "Sasa niambie wewe uliyesoma magazeti. Ya kisasa ni ipi?"

Mwandishi, aliyetumwa kuandika habari za mitindo ya nyumba, aliliandika swali hilo kwenye daftari, na mpaka leo liko humo.

Kazi hii haina mshahara wa kutegemea. Mwezi ukiwa mzuri anapata nyumba mbili. Ukiwa mbaya anaziba nyufa na kubadilisha vitasa. Nyumba hii tuliyomkuta akiifanyia kazi ni mvua ya neema kwake. Ikikamilika, anasema, mwanawe wa mwisho atamaliza chuo bila kusimamishwa getini, na ule upande wa paa lake unaovuja utapata mabati.

Kwake mwenyewe hakuna cha kisasa. Jikoni kuna vigae vya aina nne, vyote masalia ya kazi za watu. Mlango wa chumbani ulikuwa wa kabati la mteja. Mkewe, ambaye ni mpishi wa shule, anaiita nyumba hiyo makumbusho.

"Wenzangu waume zao wanaleta nyama," anasema mkewe huyo, uso mkavu kabisa. "Wangu analeta vigae vilivyobaki. Ukuta wangu wa jikoni una viraka kuliko shati la kazini."

Turudi kwenye nyumba ya zulia. Wenye sauti humo ni wawili, na ndipo fundi anapoanzia kushika kichwa. Mama ndiye anayekaa humo, peke yake, tangu mumewe afariki. Binti yake wa pekee ndiye aliyetoa kazi. Yeye anafanya kazi ya benki katika mji mwingine, na maagizo yake huja kwa simu: picha, ujumbe wa sauti, picha nyingine, halafu "fundi ile ya kwanza achana nayo."

Binti hana nia mbaya hata kidogo. Anataka mama yake akae mahali safi, penye mwanga. Lakini kuna jambo jingine alilolisema kwenye spika ya simu siku ya kwanza, fundi akiwa kapanda ngazi na mama akiwa kasimama chini yake.

"Mama, tukitengeneza nyumba, hata ukichoka kukaa peke yako haina shida. Utakuja kwangu, hiyo tutaipangisha."

Simu ilipokatwa, mama akamwambia fundi: "Kwake ni ghorofani, baba. Nitawekwa kama birika la harusi. Linaangaliwa tu, halimimini chai."

Mama huyu alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya nusu ya mtaa ule. Aliacha kushona miaka kadhaa nyuma, akisema miguu inamuuma kukanyaga cherehani. Lakini tabia ya ushonaji haikumtoka: kila kitu anakipima kwa vidole. Ukimpa kikombe anakizungusha, ukimpa mkono anausoma kama kitambaa. Wanaomjua wamezoea.

Kwa hiyo fundi alipomletea kigae cheupe cha jikoni kutoka dukani ili akione, hakushangaa mama alipokipapasa. Alichoshangaa ni hukumu yake. Alipitisha vidole upande unaong'aa, akakunja uso. "Hiki kinateleza tu, hakina kitu." Akakigeuza. Akagusa mistari ya mgongoni, ile inayoshika saruji. "Upande huu ndio mzuri. Nibandikie hivi."

Fundi alicheka mpaka akajishikiza ukutani. "Mama, huo ni mgongo wake. Huo hauonekani na mtu."

"Basi mgongo una sura kuliko uso."

Alimpigia binti kumsimulia, wakacheka wote wawili. Mama na mambo yake ya ushonaji, walisema. Wakaagiza vile vinavyoteleza.

Tatizo kubwa lilikuwa mkanda. Ukiingia kwa mlango wa mbele, usawa wa kiuno, ukutani mkono wa kushoto, ulianza mstari wa vigae vya kahawia vyenye majani yaliyochomoza. Uliambaa ukutani sebuleni, ukakunja koridoni, ukapita mlango wa choo, wa stoo na wa chumba cha kulala, ukaishia jikoni. Ulikatika kila penye mlango na kuanza tena upande wa pili.

Aliyeubandika ni Fundi Kisasa mwenyewe, alipokuwa kijana anayeanza kazi. Marehemu mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu, alisimama naye siku nzima na rula mkononi akipima kila kigae. Fundi alipouliza kwa nini mkanda wote huo, mwalimu alimjibu kwamba nyumba bila mkanda suruali yake itaanguka.

"Nilicheka sana siku ile," anakumbuka fundi. "Yeye hakucheka. Alisema, usawa huo, kijana, usipande usishuke."

Binti aliuchukia mkanda huo tangu akiwa shule. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Fundi, hayo majani ya kahawia yanafanya kwetu kufanane na gesti. Toa yote. Kuta nyeupe tupu, na milango myeupe hivyohivyo, fremu zisionekane."

Fundi alimfikishia mama agizo hilo. Mama aliuliza neno moja: "Lazima?"

"Dada ndiye kasema, Mama."

"Haya. Toeni."

Mtu anayerudisha zulia kila asubuhi, kwenye mkanda hakugombana hata kidogo. Fundi anasema hapo ndipo angetakiwa kujiuliza. Hakujiuliza. Kwa kuwa vumbi lingekuwa jingi, mama akahamia kwa jirani, mjane mwenzake, na fundi akaingia na tindo na nyundo. Vigae vilitoka vipandevipande, akavimwaga kwenye shimo la barabara ya mtaa pamoja na kifusi kingine. Akapiga plasta, akapitisha msasa, akapaka rangi. Korido ikawa nyeupe toka mwanzo hadi mwisho, na milango ikamezwa na ukuta. Hata mwandishi aliporudi kuangalia, alikiri kwamba panapendeza.

Siku hiyohiyo mama alirudi. Jirani alimfikisha mlangoni, wakaagana. Fundi alijipanga kusikia sifa. Alikuwa amefuta viatu.

Mama aliingia, akanyoosha mkono wa kushoto, akaugusa ukuta. Mkono ukateleza. Akaurudisha nyuma, akaupandisha, akaushusha, kama mtu anayetafuta mfuko kwenye nguo mpya isiyo na mfuko. Alitembea polepole, kiganja kikichora alama kwenye rangi ambayo haijakauka vizuri, akaingia koridoni. Akafungua mlango, akaingia, na mara ndoo na mafagio vikaanguka kwa kishindo.

Kutoka ndani ya stoo, sauti yake ilikuja kali: "Nani amehamisha choo?"

"Hakijahamishwa, Mama," fundi alijibu, akikimbia. "Kiko palepale. Umeupita mlango."

Alimtoa akamkalisha kwenye kiti. Alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza, anasema, kama unavyomwangalia mtu badala ya kumwangalia mteja. Kisha akaokota kigae kipya sakafuni na kukiinua mbele yake.

"Mama, hiki ni rangi gani?"

"Unaniuliza swali la chekechea?"

"Nijibu tu."

"Kahawia," alisema mama.

Kilikuwa cheupe kama maziwa. Fundi akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa jirani, asikumbuke kwamba mfuniko wake ulikuwa mbichi.

Mama aliisikia ndoo ikilia, akaelewa kwamba ameshindwa mtihani. Akaanza kueleza mwenyewe, bila kuulizwa, mikono ikikunjakunja pindo la kanga. Macho yalianza kufifia pembeni, taratibu, mpaka siku moja akashona mkono wa gauni kwenye shingo. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, ila dawa ya matone italinda kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga, na mtu akisimama karibu anamwona kama kivuli. Anayejua ni jirani tu.

"Na zulia, Mama?"

"Likianza chini ya mguu, najua meza iko mbele yangu. Maua yakinigusa kiwiko, najua nimefika koridoni. Jirani ndiye anayenisaidia kurudisha. Ukutani nilikuwa na majani yangu. Pale yanapokatika ndipo penye mlango. Wa kwanza choo, wa pili stoo, wa tatu kwangu. Nilikuwa natembea humu kama mtu mwenye macho yake yote."

"Sasa kwa nini hukukataa nisitoe?"

"Ningekataa ungeniuliza kwa nini."

Halafu alimshika mkono fundi, na hapo sauti yake ikabadilika. "Baba, usimwambie mwanangu. Akijua, kesho kutwa niko ghorofani kwake. Kule sijui ukuta hata mmoja. Humu ndani najua nilipo."

Fundi alijibu nini? Hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba alifika nyumbani mapema kuliko kawaida, na duara kubwa jeupe kwenye makalio ya suruali.

"Nikamuuliza, umekaa wapi wewe?" anasimulia mkewe. "Akaenda jikoni moja kwa moja, akawa anaangalia ule ukuta wangu wa viraka."

Kwenye ukuta ule, katikati ya vigae vya kila mteja, kulikuwa na vichache vya kahawia, vyenye majani yaliyochomoza. Masalia ya kazi ya mwalimu. Fundi alivibandika pale zamani, na kwa miaka yote hiyo mkewe alimwomba avitoe.

"Akachukua tindo, akaanza kuvibandua kimoja kimoja, kwa adabu, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto," anasema mkewe. "Nikamwambia, leo umeona nini? Ndipo akanieleza. Nikamshikia taa."

Lakini kuvibandua hakukumtoa kwenye mkanganyiko. Tulipoketi naye kesho yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, alikuwa bado anajiuliza maswali na kujijibu vibaya.

"Mwenye pesa ni binti. Mwenye nyumba ni mama. Mwenye kosa ni mimi," alisema. "Nikimwambia binti, namtoa mama kwenye nyumba yake. Nisipomwambia, mama ataanguka humu ndani na mimi nitakuwa nilijua. Nikirudisha mkanda, binti ataona. Nisiporudisha, mama hafiki chooni. Wewe ungefanyaje?"

Mwandishi alisema hajui. Fundi akasema hilo jibu analo tayari.

Mwishowe alimwendea mama na kumpa sharti lake. Njia atamrudishia, ila binti akimuuliza, yeye hatasema uongo. Mama aliguna, akakubali.

Vigae vya zamani havikutosha korido nzima. Kwa hiyo fundi alichonga ubao mwembamba, akauviringisha kingo ili usichubue mkono, akaupigilia usawa uleule wa mwalimu, asiupandishe wala kuushusha, na kuupaka rangi nyeupe ya ukuta. Kwa mbali huuoni. Pembeni mwa mlango wa choo akabandika kigae kimoja cha kahawia, na mlango wa chumba cha mama kingine. Stoo hakuiwekea kitu. Kisha akamwita mama ajaribu. Mama alipitisha mkono, akaenda, akafika kwenye jani la kwanza, akasimama. Alilipapasa kwa muda mrefu sana, na fundi akajifanya anatafuta misumari.

Binti alipiga simu ya video siku hiyohiyo. Alitaka kuona korido. Fundi akazungusha simu haraka, akidhani haraka itasaidia.

"Fundi, rudi nyuma kidogo. Hicho ni nini ukutani? Hicho kibao?"

"Hicho, dada... hicho ni mtindo."

"Mtindo gani?"

"Mpya."

"Mbona haukuwepo kwenye picha? Na hilo jani la kahawia nalo?"

Fundi aliangalia dari. Sharti alilolitoa mwenyewe lilikuwa limemrudia. Akashindwa kusema uongo, akashindwa kusema kweli, akampa mama simu.

Mama aliishika kwa mikono miwili, kioo kikiangalia begani kwake. "Mwanangu," alisema, "macho yangu yamekwisha. Ule mkanda wa baba yako ndio uliokuwa unanitembeza."

Kwenye simu binti alisikika akivuta kiti na kukaa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu niliposema miguu inauma."

"Mama, hiyo ni miaka!"

"Najua. Kuhesabu naweza, niliolewa na mwalimu wa hesabu."

Binti hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba Jumamosi anakuja, na fundi asiguse kitu chochote. Simu ikakatika. Fundi akabaki na brashi mkononi, hajui kama amefukuzwa au amesimamishwa tu. Alifunga vifaa vyake, akavifungua, akavifunga tena.

Jumamosi. Binti anashuka kwenye teksi akiwa na begi kubwa la magurudumu. Fundi, ambaye amekuja na shati safi kana kwamba anaenda kortini, anawahi kumpokea. Analiinua begi na uso wake unabadilika. Ni jepesi mno. Begi la ukubwa ule, halina kitu ndani.

Analiweka karibu na mlango na kumwangalia mwandishi. Wote tunajua begi tupu huja kufanya nini.

Binti anamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Hasemi habari ya korido. Anamshika mashavu, anayaangalia yale macho, anauliza anatumia dawa gani, mama anajibu. Machozi yanamtoka, anajifuta haraka, kisha anasema atanawa uso kwanza. Anaingia koridoni, mtoto aliyezaliwa na kukulia humo ndani, anakwenda moja kwa moja kwenye mlango mweupe ulio kati ya milango mingine myeupe, anaufungua na kuingia.

Ndoo zinaanguka. Mafagio yanafuata.

"Nani amehamisha choo?" anapiga kelele kutoka stoo.

Fundi anafumba macho. Mama anashtuka, anageuza sikio, halafu kicheko kinamtoka tumboni, kicheko kikubwa kinachomfanya ashike kiti asianguke. "Mkono ukutani, mwanangu!" anamwita. "Mkono ukutani!"

Binti anatoka stoo na utando wa buibui kwenye nywele. Anaiangalia ile milango mitatu aliyoiagiza mwenyewe, yote sawa, anashindwa kuitofautisha. Anaweka mkono juu ya ubao. Anafumba macho. Anatembea polepole akirudi nyuma, mpaka vidole vyake vinakuta jani, na hapo anasimama kama alivyosimama mama yake.

"Majani ya Baba," anasema.

Wanakaa sebuleni, juu ya lile zulia lisilotaka kutoka. Mama ndiye anayeanza.

"Na hilo begi je?"

"Begi gani, Mama?"

"Nimesikia magurudumu yake. Linapiga kelele kama debe. Halina kitu. Ulikuja kunibeba."

Binti anainamisha kichwa. "Nilikuja kukubeba."

"Na sasa?"

"Sasa sijui, Mama. Nimechanganyikiwa."

"Karibu sana, dada," anasema Fundi Kisasa kutoka mlangoni, kabla hajajizuia. "Tuko wengi."

Kwa bahati yake wanacheka wote. Kisha binti anaanza kupanga, maana ndivyo alivyoumbwa. Kila mwezi atakuja kumpeleka mama kliniki ya macho. Jirani atapewa namba yake ya simu. Mama atabaki hapa, kwa sasa, na ile "kwa sasa" anaitamka huku akiangalia pembeni. Mama anaisikia, anaipokea hivyohivyo.

"Ila mapazia mazito yachukue," mama anaongeza. "Hayo yalikuwa yananichosha hata mimi. Jaza begi lako."

Fundi naye ana mpango. Anasema kuanzia sasa, kabla hajainua nyundo kwenye nyumba ya mtu, atamwomba kila anayeishi humo atembee mbele yake macho yakiwa yamefumbwa, na yeye aangalie mikono yao inashika wapi. Anataka pia kubadilisha maneno ya kibao chake. Ameshakaa mbele yake na brashi asubuhi nzima na hajaandika kitu, kwa sababu hajui aandike nini. Anatumaini atajua.

Kwa leo ana kazi ya kumaliza, na anauliza maagizo, safari hii akisimama katikati ya wote wawili.

"Ubao ufike mpaka jikoni," anasema binti. "Na chumbani kwa Mama uzunguke wote. Zulia libaki. Maua pia."

"Na mlango wa choo, dada? Ubaki mweupe?"

"Hapana, huo upake rangi anayoitaka Mama."

"Mimi rangi sioni," anasema mama, akitafuta kikombe chake mezani na kukikuta pale kilipotakiwa kuwa. "Mpakie anayoitaka yeye, asije akapotea tena."